Redio Haisikii Huku Inasema

Shee mwanangu,

Salamu ni haki ya kila Mwislamu, hata aliyekuudhi, kwa hivyo assalamu alaykum. Wajibu nimekwisha kuutimiza. Sasa nisikize, na usidhani nimepoa.

Nakuandikia hapa dukani Tundwa, mlango nimeufunga ingawa jua bado lawaka. Kuna mama anabisha anataka kopi ya kitambulisho. Nimemwambia mashine imeharibika, na Mungu anisamehe, maana mashine ni nzima, ni mimi niliyeharibika. Kesho utapanda boti Kizingitini maji yakijaa, uanze safari ya Mombasa, na barua hii nitampa mtu wa pikipiki akufikishie kabla hujalala.

Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha. Nyanyako ameshakwambia hayo yote na kesho gatini atakwambia tena mbele za watu mpaka uone haya. Mimi nina jambo moja tu, nalo lanichoma tangu jana.

Jana baada ya alasiri ulikuja. Ulisimama hapa mlangoni umevaa kanzu yako ya Idi, ukasema, "Mama, nimekuya kutaka radhi." Nami nilikuwa na simu sikioni. Nikakuinulia mkono kwamba ngoja. Ukangoja. Nilipogeuka, mlango ulikuwa mtupu, na yule jirani muuza mihogo akaniambia umeondoka zamani, tena kwa miguu.

Unajua nilikuwa nasema na nani. Alikuwa babako. Mimi na Bwana Omari tulikuwa tukigombana juu yako, kwa sauti iliyowatoa watu madukani, na wewe mwenyewe umesimama hatua chache kutoka kwangu na neno lako mdomoni. Kwa hilo nina hasira ambayo sijui niitue wapi. Nimeanza kwako, nitapita kwa babako, na najua itaishia kwangu, lakini niache nianze kwako.

Kwa nini uliniambia ndiyo? Nilipokwambia utakwenda Mombasa kusomea mitandao ya kompyuta, ulijibu, "Ewallah, mama." Nikatangaza mtaa mzima. Nikawaambia wateja kwamba mwanangu atarudi na cheti, tutatupa haya makopo yangu ya antena tuweke mitambo ya maana. Kumbe wiki hizo hizo babako alikuwa akikwambia uende Ndau ukashike mizani ya kamba mawe, biashara iwe yako, na yeye naye ulimjibu, "Ewallah, baba." Naye akatangaza Ndau nzima. Halafu mimi napata habari zako kwa kijana anayekata tikiti za boti. Akaja hapa kuchaji simu, akasema bila kujua anasema nini, "Bi. Zuhura, hongera, Shee kaniambia aenda kusomea uuguzi." Uuguzi! Nilimjibu asante. Nilicheka hata. Alipotoka nikampigia babako kumuuliza ni uchawi gani huu amemtilia mwanangu, naye akapokea simu ananiuliza swali hilo hilo.

Basi hapo ndipo uliponikuta.

Sasa nataka nikusimulie kisa cha ile mashine ya juu ya paa la nyumba ya barafu ya wavuvi, hapo Kizingitini, jirani ya nyanyako. Ulikuwa ukiiangalia kila siku ulipokuwa mdogo, ukikaa uani, lakini kisa chake hukupata kuambiwa, kwa sababu kisa chake chanitia aibu.

Ulikuwa bado unanyonya wakati Mwalimu Mutua alipoletwa kufundisha hesabu shule ya sekondari. Mkamba, mtu wa kanisa, mrefu, hajui kula samaki bila kujichoma miiba. Juu ya nyumba ya barafu wahisani walikuwa wameweka dishi la intaneti kwa ajili ya wavuvi, kisha wakaenda zao kama kawaida yao. Mwalimu akasema intaneti ni kama maji ya bomba, na haya yaliyofika Kizingitini twaweza kuyavuta mpaka majumbani. Alikuwa na jamaa yake Nairobi, ofisi yao ilikuwa ikitupa vifaa vya zamani vya waifai na kununua vipya. Akarudi kutoka likizo na sanduku limejaa vibuyu vya plastiki vyenye taa.

Alitufundisha mimi na babako pamoja, maana tulikuwa bado mke na mume, kwa jina. Alisema mainjinia wa huko duniani walikaa wakaandika kanuni za mashine kusemezana kwa hewa bila waya, na kanuni hizo wakazipa namba badala ya jina: nane sifuri mbili, nukta, kumi na moja. Toleo la kwanza lilikuwa zito, megabiti moja au mbili kwa sekunde. Likaja la herufi b, la megabiti kumi na moja, na hilo ndilo alilotuletea. Kulikuwa na la herufi a pia, lenye kasi kubwa zaidi, lakini hilo lapita masafa ya juu, halifiki mbali na halipendi kuta. Sisi tuna kuta za matumbawe na tuna bahari ya kuvuka. Tukachukua b.

Na masafa ya b, akasema, ni uwanja wa wote. Hakuna mwenye uwanja. Simu zisizo na waya zimo humo, jiko la umeme la kupashia chakula limo humo, kila mtu yumo humo. Ndiyo maana kanuni yenyewe imejengwa juu ya adabu. Kabla mashine haijasema, inasikiliza. Ikisikia mwenzake anasema, inanyamaza. Hewa ikitulia, haikurupuki, inangoja kidogo, muda wa kubahatisha, ili wawili waliokuwa wakingoja wasiruke pamoja. Ikishasema, inangoja mwenzake ajibu: nimepata. Isipopata jibu hilo, inajua neno limepotea, na kabla ya kurudia inangoja tena, na safari hii huenda ikangoja muda mrefu zaidi.

Nilimuuliza kwa nini ingoje jibu, kwani haisikii yenyewe kama imegongana na mwenzake? Akasema haisikii. Mashine hizi ni redio, na redio haiwezi kusikia huku inasema. Sauti yake mwenyewe inaiziba masikio.

Babako alicheka, akanitazama, akasema mashine hizi zimetengenezwa na mtu mwenye mke. Mimi nikamwambia zimetengenezwa na mtu mwenye mume. Mwalimu wa watu akainamisha kichwa akaendelea kumenya kebo.

Tulipoachana, nikarudi huku Tundwa kwenye chumba alichoniachia baba yangu, nikafungua duka hili. Babako akaenda kisiwa cha Ndau kununua kamba mawe kwa wapiga mbizi. Wewe tukakuacha Kizingitini kwa nyanyako, katikati, ili pasiwe na aliyekunyang'anya mwenzake. Tulijiona tuna busara. Mashine nazo tukazigawa vivyo hivyo: moja kwangu, moja Ndau, na ile kubwa ikabaki juu ya paa la barafu, kituo cha kati, ikisema na pande zote mbili. Kila mmoja alisimamisha boriti yake ya mkoko na kopo la maziwa ya unga juu yake kuwa antena.

Mwanzo kila kitu kilikwenda. Mimi nikituma picha na makaratasi ya watu, na wenye waume Uarabuni wakija kusema nao. Babako akituma uzito na bei kwa mnunuzi wake wa Mombasa. Kisha ikaanza. Kila ikifika alasiri, saa ambayo kila mtu ana haja, kituo cha kati kinakuwa bubu. Taa zinawaka, mashine ipo, lakini neno halipiti. Natuma, hakuna jibu. Natuma tena. Naona ile kasi inashuka, kumi na moja, tano na nusu, mbili, moja, kama mzee anayeteremka ngazi, na wateja wamenikodolea macho.

Nikasema ni Omari. Amefanya kitu. Na kule Ndau yeye alikuwa akisema ni Zuhura.

Na yeye alikuwa na balaa lake la pili. Boriti yake aliisimamisha na kuielekeza wakati wa maji kupwa, kwa sababu maji yakipwa ndipo boti zimekwama na watu wana nafasi ya kushika kamba na ngazi. Ikapokea vizuri, akachinja na kuku. Maji yalipojaa, mawasiliano yakafa. Yalipopwa, yakafufuka. Ishara inayopita juu ya bahari sehemu yake yadunda kwenye maji, na maji yakiwa juu ile iliyodunda yafika pamoja na ile iliyonyoka na zinauana. Basi mashine yake ikawa nzima saa ambazo hakuna boti inayotembea, na boti zikitembea mashine imekufa. Mtu aliyezaliwa juu ya maji, anayejua bamvua na maji mafu kama anavyojua vidole vyake, hakuwaza hata siku moja kutazama bahari. Alitazama upande wangu. Aliwaambia watu, "Zuhura akiona boti zangu zatoka, anazima."

Nilikuwa simzimii. Natamani ningekuwa namzimia, angalau ningekuwa na raha yake.

Kila mmoja wetu akaamua kwamba kituo cha kati ndicho kibovu. Nilikwenda Kizingitini, nikapanda paa, nikakifungua, nikakisugua kwa spiriti, nikaielekeza antena yake Tundwa. Siku chache baadaye babako alipanda, akakifungua, akakielekeza Ndau. Nikaenda nikakirudisha. Mara ya mwisho nilikigonga kwa kisu cha kuparia samaki, kikapasuka ubavu, ule ufa uliouona wewe umezibwa kwa gundi. Halafu nikabadilisha kopo langu nikaweka kubwa zaidi ili sauti yangu iwe na nguvu. Babako akaweka kubwa zaidi ya langu. Mambo yakazidi kuwa mabaya, nasi tukazidi kuongeza.

Chini ya paa hilo, uani kwa nyanyako, wewe nawe uliacha kusema.

Hukumbuki, au wakumbuka na hujapata kuniambia. Ulikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, bado una mapengo. Nilikuwa nikija naandikisha jina lako madrasa ya huku, babako akija anaandikisha ya Ndau. Mimi nakukata nywele hivi, yeye hivi. Nakuuliza wataka nini, na kabla hujafungua kinywa simu ya babako yalia naye anakuuliza wataka nini. Ukawa watutazama tu. Nyanyako alisema umenyamaza kama ukuta. Mimi nikasema ni jicho. Nikakupeleka kwa maalim, akakuandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani ya kaure, ikaoshwa kwa maji ya mawaridi, nikakunywesha mpaka tone la mwisho. Babako alipopata habari, akasema maalim yule hana uzito, akakuchukua kwa mwingine, ukanyweshwa kombe ya pili. Kinywa chako kilikuwa cha manjano wiki nzima na bado hukusema.

Nyanyako alitukalisha siku ambayo kwa bahati mbaya tulikutana sote wawili uani. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwana huyu ana maguu mawili na nyinyi mwamvuta ndia mbili. Mutampasua." Mimi nikamwambia babako, wasikia? Babako akaniambia, wasikia wewe?

Ndipo Mwalimu Mutua akapanda paa. Alikuwa amechoshwa na malalamiko ya mji mzima. Alikaa huko juu na kompyuta yake mpaka adhana ya magharibi, akashuka, nami nilikuwa chini nimejiandaa kumwambia anunue kituo kingine. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mama Shee, hii mashine haina makosa. Nyinyi wawili hamsikizani, na yeye anawasikia wote."

Nilimuuliza ana maana gani. Akanichorea mchangani. Tundwa hapa, Ndau kule, Kizingitini katikati. Kati ya Tundwa na Ndau kuna kilima na minazi, sauti ya Omari haifiki kwangu na yangu haifiki kwake. Mashine yangu inasikiliza kabla ya kusema, kama kanuni inavyotaka, inasikia kimya, inasema. Ya Omari nayo inasikiliza, inasikia kimya, inasema. Hakuna aliyevunja adabu. Lakini kituo cha kati kinapigwa na sauti mbili kwa mpigo, na sauti mbili kwa mpigo kwake ni kelele, haokoti hata neno. Hawezi kujibu nimepata, kwa sababu hajapata. Na asipojibu, sote wawili tunarudia. Tukiongeza nguvu, tunamwongezea kelele.

Nilimuuliza dawa yake. Akasema waandishi wa kanuni walilijua jambo hili tangu toleo la kwanza, na dawa waliiweka humo humo, lakini kwa kawaida huwa imezimwa kwa sababu inachelewesha mambo. Ukiiwasha, mwenye haja haanzi kusema. Anatuma neno dogo: naomba kusema, nina maneno ya urefu huu. Kituo cha kati kinajibu: sema. Na jibu hilo la katikati laenda pande zote, kwa hivyo hata yule wa ng'ambo asiyemsikia mwenzake analisikia, na ananyamaza kwa muda wote uliotajwa. Hapo mwenye amri si Tundwa wala Ndau. Ni yule aliye katikati.

Aliiwasha jioni ile ile, huku kwangu na kule Ndau. Ikawa polepole kidogo, lakini maneno yakapita. Mwenyewe akavuka akaiinua boriti ya babako kwa kadiri ya maji yaliyojaa, na habari za kuzimiana zikaisha. Mashine zile zilikaa miaka zikifanya kazi. Kufuli la siri la mashine hizo lilikuwa la kuchekesha, watu wote ufunguo ule ule mmoja na mtoto mwerevu angeuvunja kabla chai haijapoa, lakini neno lilipita.

Na mimi, mwanangu, mimi mwenye kichwa hiki, nilirudi nyumbani nimefurahi kwamba kituo kimepona. Njia nzima sikuwaza kwamba nimechorewa mchangani picha ya mwanangu. Ulipoanza kusema tena, taratibu, kwa nyanyako kwanza, nikasema kombe yangu imefanya kazi. Babako akasema yake. Tukagombana ni kombe ya nani.

Hilo ndilo lililonijia jana jioni niliposimama kwenye mlango mtupu. Niliona haya, na mimi nikiona haya huwa nakasirika, unanijua. Nilimkasirikia Mwalimu Mutua aliyehamishwa zamani, kwa nini hakusema waziwazi. Nilimkasirikia nyanyako aliyesema waziwazi. Nimemkasirikia babako kwa sababu yupo. Na wewe nimekukasirikia, na bado, kwa hiyo Ewallah yako. Ulijifunza mapema kwamba kutujibu sote ndiyo ni njia ya kutunyamazisha, ukaifanya kuwa tabia. Ni tabia mbaya, Shee. Mgonjwa atakayekuuliza kama atapona, usimpe Ewallah ya kumfurahisha. Mimi nilidanganywa na ndiyo yako mwaka mzima, nimebaki kichekesho kwa wateja wangu, na kwa hilo sijakusamehe leo. Labda mwezi ujao.

Lakini pia sijui ungesema saa ngapi. Nimekaa hapa nikitafuta siku moja niliyokuuliza jambo nikangoja jibu mpaka likafika, sijaipata. Nilikuwa nakuuliza na kujibu mwenyewe. Nilikuwa na haraka ya kuwahi kabla ya babako, naye ana haraka ya kuwahi kabla yangu, na hatusikizani, tumetenganishwa na kilima chetu wenyewe. Unakwenda kusomea uuguzi na mimi sijui kwa nini. Nimekuzaa, nimekunyonyesha, nimekunywesha zafarani, na sijui. Muuza tikiti anajua. Watu wakiniuliza kwa nini uuguzi, nitatabasamu kama mjinga.

Na usidhani nakuandikia ili unijibu haraka. Kaa nayo. Nilikuwa nimekusudia barua hii iwe ya kukukemea, na umeona mwenyewe nimejitahidi.

Kuna jambo nimelifanya mchana huu, na nataka ulijue kwangu, si kwa muuza tikiti. Nimemwandikia babako ujumbe. Sikumpigia, maana tukipigiana tunajua mwisho wake. Nimemwandikia hivi: Omari, tangu kesho mtoto akifika Mombasa, wewe usimpigie na mimi sitampigia. Tutangoja apige yeye. Akikupigia wewe kwanza, mimi nitanyamaza mpaka amalize kwako. Akinipigia mimi kwanza, wewe utanyamaza. Hatutamuuliza kasema nini na mwenzake. Hili si langu wala lako, ni lake.

Niliutuma nikaweka simu chini, nikangoja matusi. Nilingoja sana. Nikachemsha chai, nikainywa, nikaanza barua hii. Mara mbili nilitaka kurudia ule ujumbe kwa herufi kubwa, na mara mbili nikajizuia, na hiyo kwangu ni kazi kuliko kupanda paa. Nilipofika pale nilipokuandikia habari za ufa wa kituo, simu ikalia. Bwana Omari, mtu wa maneno elfu, ameandika neno moja: Nimepata.

Nimelisoma mara nyingi. Miaka yote hii hajapata kunijibu hivyo, na mimi sijapata kumpa nafasi ya kunijibu.

Sasa nakuja kwenye ulilolifuata jana. Nilikuinulia mkono, nawe ukaondoka ukidhani nimekunyima. Sikukunyima. Mama aliyeziba masikio kwa sauti yake mwenyewe hawezi kunyima asichosikia kikiombwa. Leo nimesikia. Radhi yangu unayo, Shee, ya kwenda na ya kurudi, ya uuguzi na ya lolote litakalokuja kuuzidi uuguzi, nimekupa na Mwenyezi Mungu ni shahidi wangu, na maziwa uliyonyonya nimekuhalalishia. Hasira zangu zibaki hapa Tundwa, usizipakie kwenye boti, ina mizigo ya kutosha.

Kesho sitakuja gatini. Nikija nitasema, najijua. Nitakaa hapa dukani na mlango wazi na simu mezani, hata kama yule mama wa kitambulisho atanisimamia kichwani.

Ukifika, sema wewe kwanza. Mimi nimenyamaza.

Mamako,
Zuhura